Eda ya Bibi Nuwa

Al Rigga, Dubai
12 Januari 2014

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakubusu mkono wa kulia na wa kushoto, maana najua ukibusiwa mmoja utauliza mwingine una kosa gani. Mimi sijambo. Lile goti lililokuwa likinisumbua limepoa tangu nilipotoka kwenye geti la Jebel Ali. Masikio yako je? Bi Sheikhan ananiambia sasa hata mlango ukigongwa husikii, na simu niliyokununulia umempa mtoto wa jirani aichezee. Basi nitaandika, na yeye kila akija Deira kununua mapazia na mabaibui ya biashara yake atatubebea barua. Usimgombeze akichelewa.

Habari yangu ni hii. Kampuni ya ulinzi imenihamisha. Kulala bado nalala kambini, Dubai Investments Park, lakini kazi nafanya ndani ya hoteli, hapa Al Rigga, kwenye kiyoyozi mpaka natamani sweta. Ghorofa ya kwanza pana ukumbi, na mwenye hoteli, arbab mwenyewe, ametundika humo picha zake za kale watu waje kuzitazama. Kazi yangu ni kuzuia wageni wasiguse na wasipige picha kwa simu zao.

Siku ya pili nikasoma kibao kimoja. Shangazi, kimeandikwa Jens Ravn! Mzee Yensi wetu! Picha yenyewe ni mwanamke kakaa dirishani. Kibao kinasema: "Suria wa mchoraji, Zanzibar, 1888." Neno moja sikulipenda, lakini ndivyo hawa watu wanavyoandika. Nilimwita mwenzangu Sowedi, Mganda tunayelinda naye, nikamwonyesha, akasema kumbe nalindia mali ya ukoo wangu.

Doris, binti wa Moshi anayekaa kwenye meza ya mapokezi, akamfikishia habari madam anayesimamia maonyesho. Madam ameniita. Anataka mtu wa kuwaeleza wageni maisha ya Ravn na familia yake, na kama nazijua habari za kutosha, kazi hiyo ni yangu. Nikiipata sitarudi tena kusimama juani kwenye geti la makontena. Kwa hiyo niandikie yote unayoyajua kuhusu Mzee Yensi, tena upesi.

Mwanao,
Badawi


Mchangani, Unguja
3 Februari 2014

Mwanangu Badawi,

Marahaba, mikono yote miwili. Mimi nipo. Masikio yamekwenda zao, macho yamebaki, na ulimi unaujua mwenyewe. Dawa ya presha nimekunywa, nikaona heri, maana barua yako ingeniua.

Suria? Umesimama mbele ya kibao kinachomwita Bibi Nuwa suria, ukakisoma mpaka mwisho, kisha ukaniandikia kwa furaha kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi? Bibi Nuwa aliolewa. Kwa mahari, kwa mashahidi, na kaka zake wawili waligoma kula siku ile kwa hasira, na mpaka leo ukoo wao tukikutana nao mazikoni wanatuamkia kwa pembeni. Mtu hagomei suria.

Ukitaka habari za huyo mzungu wenu, shika. Nasema wenu kwa sababu nyinyi wanaume wa ukoo huu hamwezi kukaa kwenye harusi mkala biriani mkanyamaza. Lazima azuke mmoja aseme sisi wajukuu wa Yensi. Haya. Alikuja na meli kutoka Denmark kuchora bandari, akae msimu mmoja. Akaenda kumchora babake Nuwa, fundi wa milango, na homa ikamwangusha hapo hapo kwenye vumbi la mbao. Wakamuuguza. Akapona, asiondoke. Akasilimu akaitwa Yunus, na hapana kiumbe aliyewahi kumwita hivyo. Akaoa.

Hakumaliza kitu maishani mwake ila chakula. Dari ya ukumbi wa nyumba hii aliipaka samawati nusu. Nusu ya pili mimi na baba yako tulizaliwa tukaikuta nyeupe. Alichora wake za mabalozi, akagombana nao wote, kwa kuwa aliwachora walivyo. Rangi kwenye kanzu, rangi kwenye ndevu, rangi kwenye mchuzi. Bibi Nuwa alifua nguo zile miaka yote ya ndoa yake, na hapana kibao kilichoandika hilo.

Walizaa wawili, Abdu na Khairiya. Khairiya ndiye bibi yangu mimi, niliyepewa jina lake. Abdu alifundishwa kuchora kwa kuwa mwanamume, na mkono hana. Akaishia kupima karafuu. Khairiya alikuwa akimsagia baba yake rangi, basi. Yensi akafa kwa homa, mtoto yule akiwa mwari. Ndugu yake akaja kutoka kwao, akazitia picha zote ndani ya makasha, akaondoka nazo, hata chai hakuinywa. Nuwa alikuwa bado mbichi, akaposwa, akakataa. Hakuolewa tena mpaka anakufa.

Sasa nijibu wewe. Amevaa nini? Amekaaje? Mkononi ana nini? Umenielezea bibi wa bibi zako kwa maneno matatu. Mbuzi wa mnadani huelezwa zaidi. Na uwaambie hao wamteremshe, au wamfunike.

Shangazi yako,
Khairiya


Al Rigga, Dubai
9 Machi 2014

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa hasira. Natumai umelala vizuri siku hizi na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha. Mimi mzima, isipokuwa viatu vinanibana. Ni viatu vipya, maana kazi nimeipata! Natembea na suti na tai. Sowedi ananiita profesa, na wageni wananiita sir.

Habari za Mzee Yensi ulizonipa zimenisaidia sana. Ya rangi kwenye mchuzi wanaipenda kuliko zote. Kibao nilimtajia madam. Akasema kimeandikwa na wataalamu Ulaya na yeye hana ruhusa ya kukibadilisha. Kumteremsha ndiyo kabisa, hilo usilitaje tena tafadhali, nitafukuzwa. Ningekupigia picha kwa simu, lakini nimeajiriwa kuzuia jambo hilo hilo.

Basi nakueleza kama ulivyotaka. Amekaa juu ya mkeka, chini ya dirisha. Nguo yake ni moja, haina ua wala mstari, rangi ya maji ya mchele. Kichwa kiko wazi, nywele zimefumuka. Hajajipamba hata kidogo: hana wanja, hana hina, shingoni hana kitu. Masikio yana matundu pembeni kote kama ya wanawake wa zamani, lakini hayana pete wala jasi, yote matupu. Ukutani pana kioo kikubwa kimegeuzwa, unaona ubao wa nyuma tu. Doris anadhani mchoraji alikigeuza ili kisimmulike.

Mkono wa kulia ameshika chanuo. Karatasi ya maonyesho inasema anajichana akimngojea bwana wake. Kwa kweli chanuo haliko kichwani kwake, limeelekea kwetu tunaotazama, na mkono wa pili ameuweka kwenye mkeka mbele yake. Anatutazama kutoka juu, kama kwamba aliyemchora alikuwa kakaa chini kuliko yeye. Sowedi anasema huyo mzungu lazima alikuwa mfupi.

Mimi wageni nawaambia ni asubuhi ya fungate, ndiyo maana kachoka. Wanacheka, wanafurahi. Na utapenda kusikia hili: karatasi inasema hii ndiyo picha ya mwisho ya Ravn na ndiyo bora kuliko zote, kwamba mkono wake haukuwahi kuwa mwepesi namna hiyo.

Mwanao,
Badawi


Mchangani, Unguja
2 Aprili 2014

Badawi,

Salamu nimezipata, na kikohozi kimetoka kwa hasira.

Fungate! Nimeisoma barua yako nikaifunga. Nikapika, nikala, nikaifungua tena, nikalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa kukasirika, na katika uzee wangu sijui kama nimewahi kukasirika hivi na mtu ninayempenda.

Nguo isiyo ua. Masikio matupu. Hana wanja, hana hina, kioo kimegeuziwa ukuta. Mwanangu, mwanamke huyo yumo ndani ya eda. Amefiwa na mume. Kila mwanamke wa Unguja angekwambia hivyo akiwa mlangoni, kabla hajavua viatu. Na wewe ulikuwa na miaka kumi nilipokaa eda ya marehemu mume wangu, nikiwa mkekani hivyo hivyo, nyuma ya pazia. Wewe ni mwana wa ndugu yangu, hukukatazwa, ukiingia na kutoka kutwa nzima. Ulikuwa ukitazama sahani tu.

Sasa fikiri, kama hiyo suti haijakubana kichwa. Nuwa alikuwa na mume mmoja maisha yake yote. Kama yumo edani, basi mume yumo kaburini. Yensi wenu alichoraje akiwa chini ya udongo? Na mwanamume gani mwingine angepita lile pazia akakaa mbele yake na kichwa chake kiko wazi? Hapana. Abdu ndiye angeweza, na Abdu alikuwa hawezi kuchora hata boga.

Aliyekaa chini kuliko yeye ni mtoto wake wa kike. Ndiye aliyezisaga rangi zile tangu utotoni, ndiye aliyezijua. Bibi yangu Khairiya, nilipokuwa mdogo, nilimwona mara nyingi akichora nyuso kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, nyuso zinazokutazama, kisha anazifuta kwa tambara kabla wanaume hawajarudi kutoka msikitini. Nilidhani ni mchezo wa kikongwe.

Na chanuo si la kujichana. Akitaka kunisuka, bibi yangu alikuwa hasemi neno. Alininyooshea chanuo hivyo hivyo, na mkono wa pili akipiga mkeka mbele yake, maana yake njoo ukae, acha unachokifanya. Alijifunza kwa huyo. Mtoto yumo anachora, mama anamwita aje asukwe nywele. Ndiyo fungate yako.

Hao wanasema ni picha bora kuliko zote za Ravn. Ni bora kwa sababu si yake.

Wewe kumtazama si haramu, wewe damu yake. Lakini kila mwanamume mwingine aliyepita hapo amemwona mwanamke aliye edani, kichwa wazi, akaambiwa huyu suria. Na anayewaambia ni wewe, umevaa tai. Nenda ukaseme kweli, na umfunike.

Shangazi yako,
Khairiya


Al Rigga, Dubai
4 Mei 2014

Shangazi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi mzima.

Nimesema kweli. Nilimweleza madam yote, eda, pazia, masikio, chanuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, simlaumu. Kisha akasema, "Badawi, ni habari nzuri sana, lakini mpaka Denmark waikubali wewe endelea na fungate." Nikasema siwezi tena. Akasema basi nisimame tu, nisiseme chochote. Nimebaki na tai, kazi imeondoka. Na maonyesho yakiisha, sijui.

Sasa nimebaki na Bibi Nuwa, yeye ukutani na mimi mlangoni. Tangu nisome barua yako siwezi kumtazama vizuri, na siwezi kuacha kumtazama. Wanaume wanasimama mbele yake na vikombe vya kahawa. Juzi mmoja alimwambia mwenzake jambo kuhusu mabega yake, kwa Kiarabu, hakujua nasikia. Nilitamani kumtoa nje kwa ukosi wa shati. Umeniharibia kazi, Shangazi, umeniharibia na usingizi.

Lakini kumfunika siwezi. Hapa ni hotelini, pana kamera kila pembe, na picha ni ya arbab. Nikimtupia kanga mchana, jioni niko kwenye ndege. Eda ni miezi minne na siku kumi. Imepita zaidi ya miaka mia. Bibi Nuwa alitoka eda, akazeeka, akafa, akazikwa. Sina la kumfanyia. Khalas.

Mwanao,
Badawi


Mchangani, Unguja
20 Mei 2014

Mwanangu Badawi,

Marahaba. Naendelea vizuri. Nimefurahi kusikia umekosa usingizi, ndiyo dalili kwamba ulilelewa.

Nuwa alitoka eda, kweli. Yule wa ukutani hajatoka. Yeye yumo mle mle siku ile, mkeka ule, masikio yale. Hakuna aliyekwenda kumwambia siku zimetimia. Kutoka edani mtu hatoki mwenyewe kama anayetoka chooni. Wanawake huja wakamtoa. Wanamkosha, wanamvika nguo mpya, wanamfukiza, wanampigia vigelegele, na hapo tena watu wakimwona, wamwone. Nimewaza sana juu ya hili, na nimeona wewe una haki, huwezi kumfunika. Basi atolewe.

Nimezungumza na Sheikhan, yaani mimi nimesema na yeye ameandika kwenye kikaratasi, kama tufanyavyo siku hizi. Alicheka kwanza. Kisha akafuta macho. Anakuja Dubai kabla ya Ramadhani. Nimempa doti ya kanga za kisutu, chupa ya marashi, asumini zilizokaushwa, na udi wangu mwenyewe, ule niliokuwa nikiuweka kwa mazishi yangu. Atafute wanawake wengine wawili hapo, dini yoyote, ila wawe na akili.

Wewe kazi yako ni moja. Chagua wakati wanaume hawapo, funga mlango, usimame nje na uupe mgongo. Asiingie mwanamume yeyote, hata huyo arbab. Ulinzi si ndiyo kazi uliyosomea?

Usinijibu kwamba haiwezekani. Siisikii.

Shangazi yako,
Khairiya


Jebel Ali, Dubai
20 Juni 2014

Shangazi yangu,

Shikamoo, na mikono yako yote naibusu, ingawa ndiyo iliyonifikisha hapa. Ukiangalia juu ya barua utaona niko wapi. Niko getini. Jua ni lile lile, na goti limenikumbuka.

Tulichagua Ijumaa, wakati wa sala, kwa kuwa saa ile hoteli huwa tupu na wanaume wote, hata Sowedi, wamo msikitini. Mimi Ijumaa ilinipita, nikaswali adhuhuri baadaye. Na hilo pia liandike kwenye hesabu yako. Bi Sheikhan alipanda na mikoba yake kama mgeni aliyetoka madukani. Alimpata Joweria, Mganda anayefanya usafi ghorofa ya pili, na Doris. Doris alisema yeye Mkristo, afanye nini? Bi Sheikhan akamwambia ashike taulo. Niliwaapisha kwamba hata tone moja la maji lisiifikie picha. Nikafunga mlango, nikaupa mgongo.

Kilichofanyika ndani nimeelezwa tu. Wanasema Bi Sheikhan alinyunyiza marashi sakafuni, mbali. Walikitandaza kisutu miguuni pake, wakamwaga asumini. Joweria alipanda kiti, akashika vipuli vyake mwenyewe mbele ya masikio yale, kimoja huku na kimoja kule, kwa kadiri mkono ulivyofika. Bi Sheikhan akamwambia, "Nuwa binti fundi, siku zako zimetimia, inuka mwanangu." Hapo nilisikia vigelegele. Shangazi, nimesimama kwenye milango mingi nchi hii, na sijawahi kulia nikiwa kazini.

Kisha wakawasha udi. Joweria alikuwa ameomba makaa mekundu kwa wale wa shisha wa chini, na udi wako ulivyo mzuri, ulitoa moshi kama unaounguza nyumba. Dari za huku zina vidude vinavyonusa moshi. Kengele ya moto ikalia hoteli nzima. Watu wakashuka kwa ngazi, wengine na taulo kiunoni, wakasimama barabarani Al Rigga, na magari ya zimamoto yakaja mawili. Nao wanaume wakawa wanatoka sala, mtaa mzima, wakatukuta. Bi Sheikhan alipita katikati yao amebeba chetezo chini ya buibui, anafuka, anasalimia.

Madam alinihoji. Nikasema ni mimi, wanawake niliwaruhusu mimi, na Joweria na Doris hawakuulizwa zaidi. Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza tu kama yule mwanamke sasa ametoka. Nikasema ndiyo, madam. Akasaini karatasi ya kunirudisha Jebel Ali, kwa sababu arbab alitaka jina la mtu.

Kesho yake alikibandua kibao. Doris ananiambia hakuandika kingine. Pamebaki alama mbili za gundi ukutani, na hapana jina la Ravn, hapana la Khairiya, hapana suria, hapana kitu. Hiyo ndiyo faida yetu. Sijui kama tumeshinda au tumejitia hasara.

Doris alimpiga Bibi Nuwa picha siku ile kwa simu yake, mimi nikiwa nje, kwa hiyo sikuona na sikuzuia. Nimeisafisha dukani Deira, kubwa, inatosha kutundikwa. Imo ndani ya mapazia ya Bi Sheikhan. Ramadhani njema, Shangazi. Uniombee goti.

Mwanao,
Badawi


Mchangani, Unguja
2 Agosti 2014

Mwanangu Badawi,

Marahaba, na Idi njema iliyokwishapita. Nilifunga yote isipokuwa mbili za homa. Goti nimeliombea kila futari, na nimekutumia mafuta ya nyonyo kwa Sheikhan, uyapashe moto kabla ya kujipaka, usifanye uvivu.

Kwanza pole kwa geti. Nakusema kila barua, lakini pole hii ni ya kweli, haina mkono wa pili. Ulisimama mlangoni kwa ajili yake, na katika wanaume wote wa ukoo huu wanaomtaja Yensi maharusini, ni wewe peke yako uliyemfanyia mkewe jambo. Kuhusu kibao usijisumbue. Ukuta mtupu hausemi uongo.

Picha ilikaa ndani ya mapazia yale Ramadhani nzima kwa sababu sikutaka kuifungua. Niliogopa, nakwambia kweli. Nikaifungua Idi ya pili. Ana paji la uso la baba yako, Mungu amrehemu, na ule mdomo wa kutoridhika ni huu wangu. Kinachoniudhi ni kwamba barua zote zile hukuniambia kwamba anakaribia kucheka. Hukuona? Mume kafa, mtoto kafanya ukaidi, haji kusukwa, na yeye kakasirika, na chini ya hasira pana kicheko anakibana. Bibi yangu aliona hilo akiwa mtoto, akaliweka pale. Miaka yote alizifuta nyuso zake ukutani, na hii moja haikufutika kwa kuwa mtu aliiiba akidhani ni ya mwingine.

Jana baada ya alasiri nilifunga mlango. Nikaiweka picha juu ya kile kiti kifupi cha kukunia nazi, nikaiegemeza ukutani, chini ya dari ile ya nusu samawati. Nikatandika mkeka mbele yake. Nikavua ushungi, nikazifumua nywele hizi zilizobaki, ambazo tangu bibi afe sikumpa mtu mwingine azisuke. Kisha nikakaa chini nikampa mgongo, kichwa nikakiinamisha kidogo, kama anavyotaka.

Nilikaa sana. Kama kuna mtu alipiga hodi, sikumsikia.

Shangazi yako,
Khairiya